Safu ya Waliorudi

Vijana wa kitengo cha takwimu walioniaga mwezi uliopita kwa keki na hotuba ndefu waliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu "mafanikio na changamoto". Maneno hayo mawili nimeyaandika katika kila ripoti ya robo mwaka tangu nianze kazi, na sasa nikiyaona tu mgongo unaniuma. Mafanikio yangu yanaenea katika sentensi moja: sikupoteza pikipiki ya serikali hata moja, ingawa mbili zilijaribu kunipoteza mimi. Nimestaafu kwa hiari, maana yake nilichoka kabla sheria haijaniambia nichoke. Kwa hiyo nitawaandikia yale ambayo ripoti hazikuwa na nafasi nayo, na zaidi kosa moja, kwa sababu mnaendelea kulitumia dawati nilipolifanyia.

Nilianza kazi Mbinga mjini wakati wilaya ikiwa bado moja, kutoka milimani hadi ziwani. Mimi ni mtoto wa huku huku juu, Mmatengo wa kawaida, nimekuzwa na kahawa, mahindi na misa ya saa moja asubuhi. Ila nilikuwa nimerudi na shahada, na shahada ile ilinifanya niseme maneno kama "mtawanyiko" mbele ya watu waliokuwa wanataka kujua chanjo zimefika au hazijafika. Nilionyeshwa chumba chenye kabati, mizani mbovu ya kupimia watoto, na Mzee Ndunguru, karani wa kumbukumbu aliyeishia darasa la saba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe wa chuo kikuu?"

"Ndiye mimi."

"Umesomea nini?"

"Takwimu, mzee."

"Haya. Nijumlishie hizi."

Akanisukumia fomu za chanjo za zahanati zote za mwezi ule. Nikatoa kalkuleta yangu ya sola. Yeye akachukua nakala za kaboni na penseli. Alimaliza kabla yangu, na jumla yake ilifanana na yangu, ila chini yake aliandika "bado kituo kimoja". Akapitia karatasi zangu moja moja mpaka akafika kwenye fomu moja iliyokuwa tupu katikati.

"Hapa umeweka sifuri. Nani kakwambia sifuri?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Hakuna kitu kwenye karatasi. Huko kijijini unajua kuna nini?" Akagonga ile fomu kwa penseli. "Nesi wao alilazwa mwezi mzima. Zahanati ilifungwa. Watu waliugua kama kawaida, wakazaa kama kawaida. Ila hapakuwa na wa kuandika. Wewe umewaponya wote kwa kalamu."

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake, ingawa mshahara ulidai vinginevyo. Alinifundisha kusoma rejesta yenyewe, kile kitabu kikubwa cha MTUHA, mfumo wa taarifa za afya, kinachokaa mezani kwa nesi, badala ya kuamini fomu ya muhtasari inayotoka humo. Alinifundisha kwamba wino ukiwa wa rangi moja na mwandiko umelala upande mmoja kwa mwezi mzima, basi kitabu kimeandikwa siku moja, pengine kwenye kiti cha gari la aliyekuja kukikagua. Alinifundisha kwamba wakati wa kuchuma kahawa milimani hapaugui mtu, halafu kahawa ikiisha wote wanaugua wiki moja, na kwamba huo si mlipuko. Mwaka wangu wa pili niliutangaza kuwa mlipuko. Gari lilitumwa. Mzee Ndunguru aliniacha niende nalo.

Zana zetu zilikuwa chache: fomu, kaboni, penseli, rula, na pikipiki. Rula ndiyo iliyokuwa muhimu kuliko zote, maana jicho likichoka linaruka mstari, na mtoto wa kijiji kimoja anakuwa wa kijiji kingine. Pikipiki ilinipeleka mpaka njia ya Liparamba, ambako niliwahi kusubiri nusu saa nyani wamalize mkutano wao barabarani, na malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yalinifundisha kusali kuliko katekista yeyote.

Mzee Ndunguru alistaafu, na mwaka mmoja baadaye tukamzika. Muda si mrefu ukaja mfumo wa kompyuta. Siwezi kuusema vibaya mfumo ule, umenilisha. Kabla yake, namba ya mtoto aliyezaliwa kando ya ziwa ilichukua miezi kufika mkoani, na ikifika ilikuwa imechoka kuliko aliyeibeba. Baada yake, unabonyeza Mbinga na mtu wa nchi usiyojua bendera yake anaiona kabla chai haijapoa. Tatizo lilikuwa kwamba kompyuta haisomi maneno. Safu ya mwisho ya rejesta ya wazazi, ile ya hatima ya mtoto, manesi walikuwa wanaiandika kwa maneno yao wenyewe, na mfumo ulitaka kuchagua kimoja kati ya viwili: ameruhusiwa akiwa hai, au amefariki.

Hapo ndipo msomi alipoona nafasi yake. Nilikaa siku mbili nikaandika mwongozo wa ukurasa mmoja kwa makarani wanaoingiza takwimu. Upande wa kushoto maneno ya manesi, upande wa kulia chaguo la kompyuta. "Ametoka", "amekwenda", "amerudi", "kaenda na mama": vyote ameruhusiwa akiwa hai. "Amefariki", "amekufa", "hayupo", "marehemu": vyote amefariki. Ulikuwa mwongozo mzuri. Niliuwekea fremu ya mistari miwili pembeni, na jina langu na tarehe chini. Mkoani walinisifu, nikajifanya sikusikia, nikaenda kuuchapa nakala nyingine thelathini.

Wilaya ilipogawanywa nikaulizwa nibaki juu au nishuke kwenye wilaya mpya ya ziwani. Nikashuka, mtu wa milimani nisiyejua kuogelea. Mwongozo wangu nikashuka nao.

Kando ya ziwa kuna zahanati moja ambayo sitaitaja. Walio kazini wataijua, na wasio kazini jina halitawasaidia. Aliyekuwa akiiendesha ni nesi mkunga, Sista Eufrasia, mtu wa ziwani kwa baba na mama, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana na sauti ambayo haikuhitaji simu. Kila mwaka alituandikia barua ile ile. Aliomba kifaa cha kuwapulizia hewa watoto wanaozaliwa bila kupumua, kwa kuwa kile alichokuwa nacho kilikuwa kimepasuka mpira, na aliomba njia yoyote ya kuwapasha joto, kwa kuwa upepo wa mwera ukivuma kutoka kusini chumba chake cha uzazi kinakuwa kama kiko majini.

Wakati huo huo ulikuja mpango mkubwa wa wafadhili. Walikuwa na meza za joto, mifuko ya kupulizia hewa yenye barakoa ndogo kama za mwanasesere, mashine za oksijeni, na mkufunzi wa wiki mbili kwa kila kituo. Vifaa havikutosha wote, hivyo vingegawanywa kwa takwimu. Ramani ilichorwa, kila zahanati ikapewa nukta: nyekundu penye vifo vingi vya watoto wachanga, njano penye vya wastani, kijani pasipo na vifo. Vifaa viende kwenye nyekundu. Ni utaratibu wa haki, na mpaka leo sijui ulio bora kuliko huo. Zahanati ya Sista Eufrasia ilikuwa kijani. Haikuwa kijani ya kawaida. Ndiyo ilikuwa kijani kuliko zote kando ya ziwa.

Basi barua zake zikajibiwa. Jibu lilisainiwa na Mganga Mkuu wa wilaya, lakini rasimu niliandika mimi, na sentensi moja naikumbuka kwa sababu nilijivunia ufupi wake: "Takwimu za kituo chako hazionyeshi uhitaji." Niliiandika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nilibadilisha tarehe tu.

Halafu ikaja safari ya kujifunza. Mtaalamu wa mpango ule, daktari kijana kutoka ng'ambo, mpole, aliyesema "asante sana" hata kwa mbwa waliompisha njiani, alitaka kuiona zahanati isiyopoteza watoto. Alitaka siri yake iandikwe, ifundishwe kwingine, pengine nchi nyingine. Tukashuka na gari. Nyuma tulikuwa na kreti ya soda na cheti cha pongezi kwenye fremu ya kioo. Cheti nilikichapa mimi. Msinihurumie bado.

Tulimkuta Sista Eufrasia anaosha glavu. Nyuma ya pazia alikuwa amelala mama aliyejifungua asubuhi ile. Tukasalimiana, tukakaa kwenye benchi, daktari akauliza kwa Kiingereza, nami nikatafsiri.

"Mama, mgeni wetu anauliza siri yenu ni nini."

"Siri ya nini?"

"Ya watoto. Kwamba hapa kwenu hawafi."

Akasimamisha mikono ndani ya beseni. "Nani hao wasiokufa?"

"Watoto wachanga, Mama. Tangu tuanze mfumo, zahanati yako haijapoteza hata mmoja."

"Kapinga," akasema, akiniangalia machoni kama anayetafuta umanjano, "umekunywa?"

Nikacheka, kwa kuwa nilidhani ni unyenyekevu. Nikavuta rejesta mezani, nikaifungua, nikamwonyesha kwa kidole kama mwalimu wa darasa la pili. "Huyu hapa. Amezaliwa hai. Hatima: amerudi. Na huyu, amerudi. Huyu pia, amerudi."

"Ndiyo."

"Wamerudi nyumbani."

Akaangalia pazia, kisha akainama karibu yangu na kushusha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Wamerudi walikotoka. Mgeni akifika akakuta hapamfai, si anarudi? Ninyi huko juu mnasemaje?"

Huko juu nasi tunasema mzazi amepata mgeni. Ila mgeni akiondoka hivyo tunanyamaza. Hatuna neno lake. Nikamwuliza wale waliokwenda nyumbani na mama zao aliwaandikaje.

"Si wamekwenda? Nimeandika wamekwenda." Akanifunulia kurasa. Ilikuwa kweli. Mstari baada ya mstari, amekwenda, amekwenda, amekwenda, kwa mwandiko uleule wenye subira. Halafu, hapa na pale, amerudi. Mtu huyu hakuwahi kukosea hata mara moja. Kwenye mwongozo wangu maneno hayo mawili yalikuwa yamekaa bega kwa bega.

Daktari alikuwa anatabasamu akisubiri. Aliuliza Sista amesema nini. Nikamwambia anaomba muda kidogo apange majibu yake. Nimetafsiri mikutano mingi na hotuba nyingi za wakubwa, na hiyo ndiyo tafsiri mbovu kuliko zote nilizowahi kutoa.

Dereva naye, kwa kuwa alikuwa ameambiwa aingie tukishamaliza maswali, akaingia na fremu.

"Hicho ni nini?" akauliza Sista Eufrasia.

"Cheti, Mama."

"Cha nini?"

"Cha pongezi."

Akakausha mikono kwenye gauni, akakipokea, akakisoma chote mpaka muhuri. Kisha akanirudishia mimi, si dereva.

"Rudi nacho," akasema.

Nilimwambia daktari ukweli garini, kabla hatujafika Mbamba Bay. Aliangalia usipa, dagaa wa ziwani, ulioanikwa kando ya barabara. Kisha akauliza swali ambalo mtu wa takwimu angeliuliza: je, naweza kuthibitisha? Orodha ya vituo vitakavyopewa vifaa ilikuwa inafungwa mwisho wa wiki iliyofuata. Nikamwambia naweza.

Nikarudi zahanati peke yangu, na pikipiki, nikakaa siku tatu. Tulitoa rejesta zote tangu mwanzo wa mfumo. Mimi nilisoma mstari na kuweka rula, Sista alithibitisha. Nilidhani atahitaji kukumbushwa. Hakuhitaji.

"Namba kumi na nne, amerudi."

"Huyo wa mama muuza chumvi. Alilia mara moja tu, nikajua."

"Ishirini na mbili, amerudi."

"Huyo wa mwera. Nilivua kitenge changu nikamfunga. Alikuwa mkubwa, mzuri, mashavu haya. Andika."

"Ishirini na tisa, amekwenda."

"Huyo yupo. Mtundu. Jana kanivunjia chungu."

Siku ya pili, wakati wa chai, alivuta droo akatoa karatasi mbili zilizokunjwa, akaziweka mbele yangu. Zilikuwa barua zetu.

"Hizi aliziandika nani?"

"Mganga Mkuu, Mama. Si saini yake hiyo?"

"Saini yake. Daktari yule huwa anaandika 'sina, subiri'. Huyu anayeandika 'hazionyeshi uhitaji' ni mtu wa chuo."

"Ni mimi, Mama."

"Nilijua." Akanimiminia chai. "Ya kwanza nililia. Ya pili nilifungia karanga, ndiyo maana ina mafuta. Kunywa, tuendelee."

Tulipomaliza, majina ya mama zao yalijaza pande mbili za karatasi. Idadi sitaitaja hapa. Nimeitaja vya kutosha kwenye ripoti, na kila nilipoitaja ilipungua uzito.

Nikapeleka karatasi kwa Mganga Mkuu. Alikuwa mtu mwema aliyelemewa, na siku hiyo alikuwa na barua ya mkoa mezani inayotusifu.

"Kapinga, unajua ramani inafungwa Ijumaa?"

"Najua, daktari."

"Na unataka tuwe wekundu?"

"Tulikuwa wekundu siku zote. Hatukuonekana tu."

"Mithali zako kawaandikie wajukuu. Nikiulizwa nani kakosea, niseme nani?"

"Sema mimi. Mwongozo una jina langu chini."

"Umeuandika wewe?"

"Na fremu nimeiweka mimi."

Akavua miwani, akajisugua macho kwa muda mrefu kuliko macho yanavyohitaji. Nilitegemea aniambie tungoje mwaka ujao. Wengine wangesema hivyo, nami pengine ningekubali, na nisingekuwa na la kuwaandikia leo. Akasema, "Andika barua ya kufungua mfumo. Nitasaini. Na kosa liseme ni la ofisi, si la nesi."

Mfumo ulifunguliwa, nikaingiza masahihisho, nukta ikawa nyekundu. Ilikuwa Alhamisi. Lakini ule mkokotoo wa kugawa vifaa ulikuwa umeshachukua takwimu zake Jumatano, kwa sababu mahali fulani mtu mwangalifu alitaka kuwahi. Daktari wa mpango alipigana kwa simu na barua pepe, namshukuru, na alichopata ni ahadi ya awamu ya pili. Awamu ya pili ilikuja baada ya mwaka na miezi kadhaa. Mpaka hapo Sista Eufrasia alibaki na mpira wake uliopasuka, aliokuwa ameuziba kwa gundi ya baiskeli.

Nilishuka kumweleza. Sikupeleka soda. Nilipeleka mwongozo mpya na ombi moja: kuanzia sasa aandike "amefariki", ili karani asikosee tena, maana kwingine "amerudi" bado lilimaanisha nyumbani.

"Siandiki," akasema.

"Mama, ni neno moja."

"Njoo hapa." Akanipeleka chumbani. "Kitabu kinakaa hapa. Mama analala pale. Akitoka, anakuja kitabuni kuweka saini, pale pale kwenye mstari wake. Hawa wasichana wa siku hizi wamesoma wote, Kapinga. Unataka asaini kando ya neno hilo, nami nimeshika kitabu kisiteleze?"

"Basi tuweke herufi. Alama ndogo."

"Alama ikizoeleka inakuwa neno. Mwezi mmoja, kijiji kizima watajua."

Nikamweleza kwa upole kwamba bila neno hilo hatapata vifaa, kwamba awamu ya pili nayo itagawanywa kwa namba, na kwamba kila "amerudi" ni mtoto ambaye hayupo popote. Nilieleza vizuri. Nadhani ilikuwa hotuba bora kuliko zote za maisha yangu, na aliisikiliza yote akiwa anakunja vitambaa.

"Nimekuelewa," akasema. "Nitakupigia. Mimi nitasema, wewe utaandika huko kwako. Huko hakuna mama aliyelala."

Ilikuwa kinyume cha kila kitu nilichofundisha. Takwimu itoke kwenye rejesta, iende kwenye fomu, iende kwenye mfumo. Haitoki kwenye simu. Nikakubali. Nikanunua daftari la kurasa mia moja.

Zahanati ile mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya jiwe nyuma ya choo. Kwa hiyo nilipoona jina lake kwenye simu nilijua yuko wapi, amesimamaje, na kwa nini. Mara nyingi ilikuwa asubuhi, nikiwa ninafungua ofisi. Hakusalimia. Yeye, mtu wa ziwani ambaye salamu zake huchukua robo saa, hakusalimia.

"Andika. Wa kike. Kilo mbili na nusu. Amekufa."

"Pole, Mama."

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Nikasoma. Alitaka nilitamke neno lile mpaka mwisho, kisha akakata. Mara moja nilisema "amefariki", akaniambia, "Nimesema amekufa." Nikafuta.

Nimefanya kazi na namba kubwa kuliko hizo. Nimekaa kwenye kumbi zenye viyoyozi ambako vifo vya bara zima vilipita ukutani kama bei za kahawa, na sikusinzia wala sikuhuzunika. Lakini mwaka ule wa kusubiri, vijana wangu, simu ikiita asubuhi niliiacha iite kwanza. Nilifikiri mara nyingi kubadilisha namba. Kuchoka kwangu, mnakonidokeza kwamba kulianza uzeeni, kulianza hapo.

Awamu ya pili ilikuja. Zahanati ilikuwa kwenye orodha, ya tatu kutoka juu. Meza ya joto iliteremshwa na pikapu, ikapita mlangoni baada ya mlango kung'olewa. Mkufunzi alikaa wiki mbili akimfundisha Sista Eufrasia kwa mwanasesere wa mpira, na baadaye aliniambia kwamba kuanzia siku ya tatu yeye ndiye aliyekuwa akifundishwa. Simu zikapungua. Hazikuisha, atakayewaambia ziliisha anauza kitu. Zikapungua, na nukta ikawa njano, na kwenye ripoti nikaandika mafanikio.

Katika mwezi wake wa mwisho kazini, kabla hajastaafu akaniacha mimi nihesabu miaka yangu, simu iliita saa mbili asubuhi. Nikaona jina. Nikafungua daftari, nikavua kifuniko cha kalamu, nikapokea.

"Shikamoo, Mama. Sema."

Alikuwa anahema. Jiwe lile lina kapandio kake.

"Wa kiume," akasema. "Kilo mbili na robo. Katoka mweusi, kalegea, kimya. Nimempulizia. Nimempulizia mpaka mkono umekufa ganzi, bibi yake ameshaanza kulia huko nje. Kapumua, Kapinga. Sasa hivi ananyonya."

Katika miaka yote ile hatukuwahi kupigiana simu kwa jambo jingine.

"Hongera, Mama," nikasema.

"Hongera mpe mama yake. Mimi nakuuliza, huyu mnamwandika wapi?"

Niliangalia fomu iliyokuwa wazi kwenye kompyuta, nikaishusha mpaka chini, nikaipandisha tena. Kulikuwa na safu ya waliozaliwa hai, na humo angekuwa moja, sawa na yule aliyezaliwa anapiga kelele.

"Hana safu, Mama."

"Hana?"

"Hana. Safu ni za waliokufa na waliozaliwa hai."

Nilisikia upepo kwenye simu, na mbali kidogo mtu akimwita.

"Haya," akasema. "Basi mjue hivyo hivyo kwamba yupo."